Kwa Nini Intaneti Hupungua Kasi: Namna Watoa Huduma Wanavyogawa na Kubana Mtandao

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi wa Kigongo kupanda gari hadi makao makuu ya Halmashauri, Misungwi, siku hizi hupatikana kwa njia ya mtandao. Maombi ya leseni ya biashara hupitia mfumo wa TAUSI. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba inayoletwa kwenye simu. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira za umma hutumwa kupitia mifumo ya kielektroniki yenye tarehe ya mwisho. Kwa sababu hiyo, kasi ya intaneti si jambo la burudani peke yake. Ukurasa unaogoma kufunguka usiku wa siku ya mwisho ya maombi unaweza kumgharimu kijana mwaka mzima wa masomo.

Swali ambalo wananchi wengi huuliza ni hili: kifurushi bado kipo, alama za mawimbi kwenye simu zimejaa, lakini intaneti inakwenda kwa kusuasua, kasi imekwenda wapi? Wengine huamini kuwa wameibiwa, wengine hudhani simu imeharibika. Majibu yako kadhaa, na kila moja lina dawa yake. Makala haya yanaeleza jinsi watoa huduma wanavyoendesha msongamano wa mtandao, lini wanabana kasi kwa makusudi, kanuni zinasema nini, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua.

Safari ya ujumbe kutoka Kigongo

Mtu anapofungua ukurasa wa intaneti, ombi lake husafiri kwa mawimbi hadi mnara ulio karibu. Kutoka mnarani hupita kwa nyaya za nuru au kwa sahani za mawasiliano zinazorushiana mawimbi kutoka mnara hadi mnara, kisha huingia kwenye njia kuu kama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Ikiwa ukurasa unaotafutwa umehifadhiwa nje ya nchi, ombi hilo huteremka hadi pwani, Dar es Salaam, na kuvuka bahari kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji. Jibu hurudi kwa njia kama hiyo. Safari nzima huchukua sehemu ndogo ya sekunde.

Katika kila hatua ya safari hiyo, njia ni ya watu wengi. Hakuna mteja wa kawaida mwenye njia yake peke yake kutoka Kigongo hadi Ulaya. Mtoa huduma hununua au hujenga uwezo fulani, kisha huugawa kwa wateja akitegemea kwamba hawatautumia wote kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa maji ya bomba: tangi la kijiji halijajengwa kwa dhana kwamba kila nyumba itafungua bomba dakika ileile.

Wakazi wa Kigongo wanaifahamu hali hii kuliko wengi. Kwa miaka mingi magari yaliyokuwa yakienda Sengerema na Geita yalisubiri kivuko hapa. Kivuko hakikuwa kibovu. Kilikuwa na nafasi maalumu, na magari yalipozidi nafasi hizo, foleni ilirefuka. Mtandao wa intaneti nao una vivuko vyake.

Msongamano wa kawaida

Sababu ya kwanza ya kasi kushuka ni msongamano, na hapo hakuna mtu aliyebana chochote. Kwa mfano wa hesabu, tuseme upande mmoja wa mnara una uwezo wa kupitisha megabiti 60 kwa sekunde. Wakiwapo watumiaji 6 wanaopakua kwa pamoja, kila mmoja anaweza kupata takriban megabiti 10. Wakifika 60, kila mmoja hubakiwa na megabiti 1. Ndiyo maana intaneti inayoruka saa 11 alfajiri hutambaa saa 2 usiku, watu wanapokuwa wamerudi nyumbani na kila mmoja ameshika simu.

Umbali nao una sehemu yake. Simu iliyo mbali na mnara, kama ile ya mvuvi aliye ziwani au ya mkulima aliye nyuma ya kilima, hulazimika kuwasiliana kwa mtindo wa polepole ili ujumbe usipotee njiani. Kwa hiyo hutumia muda mwingi zaidi wa mnara kupeleka kiasi kilekile cha data. Alama za mawimbi kwenye simu huonesha nguvu ya mawimbi tu. Hazioneshi ni watu wangapi wanaogawana mnara huo. Simu inaweza kuwa na alama zote na bado ikasubiri foleni.

Foleni na kipaumbele

Data haisafiri kama mzigo mmoja. Picha, sauti au barua hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Pakiti zikifika kwenye kiungo kilichojaa, mitambo huzipanga foleni. Foleni ikijaa pomoni, pakiti zinazofuata hutupwa. Kompyuta iliyozituma ikigundua kwamba hazikufika, huzituma tena na kupunguza mwendo. Huo ndio utaratibu wa msingi ambao umeuwezesha mtandao usizimike kila unapolemewa.

Mtoa huduma anaweza pia kuweka foleni zaidi ya moja. Simu za sauti zinazopita kwenye mtandao wa 4G hupewa kipaumbele, kwa sababu sauti ikichelewa hata kwa nusu sekunde mazungumzo huvurugika. Barua pepe ikichelewa sekunde tano hakuna anayetambua. Kupanga hivyo ni kama ilivyokuwa kwenye kivuko, ambapo gari la wagonjwa lilipitishwa mbele na lori la mchanga likasubiri. Hakuna anayelalamikia kipaumbele cha namna hiyo, mradi kinafuata mahitaji halisi ya huduma na hakitolewi kwa upendeleo.

Kubana kasi kwa makusudi

Sababu ya pili ni tofauti. Hapa njia ina nafasi, lakini mtoa huduma ameweka kizuizi kwenye laini ya mteja. Mitambo hufanya kazi mfano wa ndoo yenye tundu: mteja hujaziwa ndoo yake kwa kiwango maalumu kila sekunde, na data hutoka kwa kiwango hicho tu. Akitaka zaidi, pakiti zake hucheleweshwa au hutupwa. Mtoa huduma akibadilisha tarakimu moja katika mfumo wake, kasi ya mteja hupanda au hushuka papo hapo.

Mara nyingi kizuizi hiki hutokana na mkataba wenyewe. Mteja wa intaneti ya nyumbani anayelipia megabiti 10 hatapata 50 hata mtaa mzima ukiwa umelala. Jambo linalozua malalamiko mengi zaidi ni vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo. Vingi kati ya hivyo, duniani kote, huja na masharti ya matumizi ya kadiri: mteja akishavuka kiasi fulani cha gigabaiti kwa siku au kwa mwezi, huduma haikatwi, bali kasi hupunguzwa mpaka kipindi kipya kianze. Kikomo cha kiasi hakipo. Kikomo cha kasi kipo.

Ni vyema kuielewa tofauti hiyo kwa hesabu. Kiasi cha data hupimwa kwa baiti, na kasi hupimwa kwa biti. Baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 100 ni sawa na megabiti 800. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, faili hilo hushuka kwa sekunde 80. Kasi ikibanwa hadi kilobiti 256 kwa sekunde, faili lilelile huchukua takriban dakika 52. Kwa mtu anayesoma ujumbe mfupi, tofauti si kubwa. Kwa mwanafunzi anayepakia vyeti vyake kwenye mfumo wa maombi, tofauti hiyo ndiyo kufaulu au kukosa.

Kuchagua aina ya matumizi

Namna ya tatu ni kubana huduma fulani na kuziacha nyingine. Kiasi kikubwa cha data inayopita mitandaoni ni video: saa moja ya filamu kwa ubora wa kawaida inaweza kufika gigabaiti 1, na kwa ubora wa juu gigabaiti 3. Kwa hiyo baadhi ya watoa huduma duniani hupunguza kasi ya video peke yake ili picha ishuke ubora na njia ipate nafasi. Siku hizi sehemu kubwa ya mawasiliano hufungwa kwa msimbo, na mtoa huduma hawezi kusoma kilichomo ndani ya pakiti. Hata hivyo, anaweza kuona anwani inakokwenda na namna data inavyotiririka, na hayo mara nyingi humtosha kutambua kuwa ni video.

Kisa kilichofungua macho ya wengi kilitokea Marekani mwaka 2007. Wateja wa kampuni ya Comcast walishuku kwamba programu ya kugawana mafaili iitwayo BitTorrent inazuiwa. Shirika la habari la Associated Press lilifanya jaribio kwa kutuma nakala ya Biblia kwa programu hiyo, na likagundua kuwa mitambo ya kampuni ilikuwa ikituma ujumbe wa bandia wa kukata mawasiliano, kana kwamba kompyuta ya upande wa pili ndiyo iliyokata. Agosti 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamuru zoezi hilo likome. Aprili 2010 mahakama ilitengua amri hiyo ikisema tume haikuonesha mamlaka yake kisheria. Kisa hicho kinaonesha ugumu wa jambo lenyewe. Kampuni ilidai inalinda wateja wengine dhidi ya msongamano. Kosa lililowaudhi watu zaidi ni kufanya hivyo kwa siri.

Ulinganisho mzuri ni wa Ulaya, Machi 2020, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafungia watu majumbani. Kwa ombi la Umoja wa Ulaya, Netflix na YouTube zilipunguza ubora wa picha ili mitandao isilemewe na kazi na masomo ya mbali. Hapo pia kasi ilipungua, lakini ilitangazwa hadharani, sababu ilielezwa, na muda wake ulijulikana.

Kubana kasi kunapogusa uhai

Mwaka 2018, moto mkubwa wa msituni ulipokuwa ukiteketeza kaskazini mwa California, kikosi cha zimamoto cha wilaya ya Santa Clara kilikuwa na gari la uratibu lililotegemea laini ya intaneti ya kampuni ya Verizon. Kifurushi chake kiliitwa kisicho na kikomo. Kilipovuka kiwango cha matumizi, kasi ilishushwa hadi takriban sehemu moja ya mia mbili ya kasi ya awali, na gari likashindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Maofisa walipoomba kizuizi kiondolewe, waliambiwa wanunue kifurushi cha juu zaidi. Baadaye kampuni ilikiri kuwa ilipaswa kuondoa kizuizi kwa kikosi cha dharura na kwamba haikufanya hivyo.

Funzo la kisa hicho linahusu pia zahanati, shule na ofisi za vijiji. Taasisi inayotegemea intaneti kwa kazi isiyoweza kusubiri haifai kununua kifurushi kwa kuangalia neno "bila kikomo" lililoandikwa juu ya tangazo. Inapaswa kuuliza kwa maandishi: kiwango cha matumizi ni kipi, kikivukwa kasi itashuka hadi ngapi, na itarudi lini.

Njia kuu inapokatika

Kuna wakati kasi hushuka nchi nzima na mtoa huduma wa karibu hana kosa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu katika eneo la bahari karibu na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizoathirika zaidi. Watoa huduma walihamishia mawasiliano kwenye njia nyingine zilizobaki, ambazo zilikuwa finyu kuliko mahitaji, na kwa siku kadhaa wananchi walipata intaneti ya kusuasua. Katika hali kama hiyo kupanga foleni na kipaumbele ni lazima. Bila hivyo huduma zote hukwama pamoja.

Kanuni zinasema nini

Nchini Tanzania watoa huduma husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kanuni za ubora wa huduma na za kumlinda mtumiaji zilitolewa mwaka 2018. Mamlaka hupima ubora wa huduma katika maeneo mbalimbali ya nchi, na mtoa huduma asiyefikia viwango anaweza kuadhibiwa.

Mwaka 2021, baada ya malalamiko mengi kuhusu vifurushi, Mamlaka iliweka masharti zaidi. Mteja anapaswa kupewa taarifa matumizi yake yanapofika asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi. Hapaswi kuhamishiwa kwenye gharama za nje ya kifurushi bila ridhaa yake. Anapaswa pia kuwezeshwa kumhamishia mteja mwingine wa mtandao uleule sehemu ya kifurushi ambayo hajaitumia. Mambo haya ni haki ya mteja. Si hisani ya kampuni.

Namna ya kutambua tatizo

Kabla ya kulalamika, ni vizuri mwananchi ajue anakabiliwa na hali gani kati ya zilizoelezwa.

Kwanza, aangalie salio la kifurushi na kusoma masharti yake, hasa sehemu inayohusu kiwango cha matumizi ya kadiri.

Pili, apime kasi kwa programu ya kupimia angalau mara tatu: alfajiri, mchana na usiku, kwa siku mbili au tatu, akikumbuka kuwa kipimo chenyewe hutumia data. Kasi ikiwa nzuri alfajiri na mbaya usiku, huo ni msongamano. Ikiwa ni ileile ya chini saa zote na ilianza ghafla baada ya matumizi makubwa, yaelekea laini imebanwa kwa mujibu wa masharti. Ikiwa tovuti nyingine zinafunguka vizuri na moja tu inagoma, tatizo linaweza kuwa kwenye tovuti yenyewe, hasa siku za mwisho za maombi ambapo maelfu huingia kwa pamoja.

Tatu, wenye Wi-Fi nyumbani wajaribu kusogea karibu na ruta na kuzima vifaa vingine. Ukuta mnene, au simu ya mtoto inayopakua programu mpya kimyakimya, huweza kula kasi yote.

Nne, apunguze mzigo usio wa lazima. Kushusha ubora wa video na kuzuia programu kujisasisha zenyewe huokoa kifurushi na kuwapunguzia foleni majirani. Kazi yenye tarehe ya mwisho ifanywe alfajiri, na isiachwe hadi siku ya mwisho.

Njia ya malalamiko

Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Mteja apige simu au afike kwenye duka la huduma, aeleze tatizo pamoja na tarehe, saa na vipimo alivyochukua, na aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Namba hiyo ihifadhiwe. Bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kuwa lalamiko lilipokelewa. Asiporidhika na majibu, anaweza kulifikisha kwa TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko jijini Mwanza. Lipo pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kisheria kutetea maslahi ya watumiaji.

Halmashauri haina mamlaka ya kuwaamuru watoa huduma kuhusu kasi. Hata hivyo, palipo na upungufu wa kudumu katika kitongoji kizima, wananchi wanashauriwa kuuwasilisha kwa pamoja kupitia Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Malalamiko ya kaya ishirini yenye tarehe na vipimo hubeba uzito kuliko manung'uniko ya mtu mmoja mmoja. Taarifa za namna hiyo husaidia pia kuonesha maeneo yanayohitaji mnara. Kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, Serikali hutoa ruzuku kwa kampuni ili zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingezipeleka; mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 vijijini.

Kupanga foleni vizuri kunagawa uhaba kwa haki, lakini hakuondoi uhaba. Kwa miaka mingi utaratibu wa kivuko cha Kigongo uliboreshwa, na vivuko vikaongezwa, lakini kilichoimaliza foleni ni daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi. Katika mtandao ni vivyo hivyo. Mtoa huduma anaweza kubana kasi kwa sababu halali, na mteja ana haki ya kuelezwa sababu hiyo waziwazi kabla ya kulipa. Ila palipo na msongamano wa kila siku, dawa ya kudumu ni kuongeza mnara, mkongo na njia za akiba, na vipimo vya wananchi wenyewe ndivyo vinavyoonesha pa kuanzia.